Uzuri wa Simu na Wepesi wa Kuitumia

Safari hii twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa la haki. Twasema juu ya uso wa simu, yaani kile kioo tunachokigusa kila siku, pamoja na picha, rangi, herufi na vitufe vilivyochorwa ndani yake. Swali letu ni hili: Je, fundi anayechora uso wa simu atafute kwanza uzuri wa kupendeza macho, au atafute kwanza wepesi wa kutumia? Na hayo mawili yakigombana, lipi limpishe mwenziwe?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitujia siku ya Jumamosi baada ya mafundisho, hapa kwetu Ruashi, katika mji wa Lubumbashi. Mama mmoja mjane, ambaye anauza makaa ya kuwashia mbabula, alitujia ameshika simu mpya mkononi. Mwanawe anayefanya kazi Kolwezi alikuwa amemletea zawadi hiyo. Ilikuwa simu nzuri kweli: kioo kipana, rangi zinang'aa, picha zinateleza kama samaki ndani ya maji. Kabla ya hapo mama huyo alikuwa na simu ndogo ya vitufe kwa miaka mingi, na kwa simu ile alizoea kumtumia pesa binti yake anayesoma Likasi. Namba za kubonyeza alizijua kwa moyo, moja baada ya nyingine, kama anavyozijua shanga za rozari yake gizani.

Siku ile alitaka kutuma faranga 85,000 za masomo. Akafungua programu ya pesa katika simu mpya. Zile namba alizozizoea hazikuwapo tena. Katikati ya kioo palikuwa na picha kubwa ya watu wanaocheka, na chini yake alama ndogo zisizo na maneno. Jina la mpokeaji liliandikwa pembeni, kwa herufi nyembamba za kijivu juu ya nyeupe. Mama alikuwa amesimama juani, na macho yake si ya kijana tena. Akabonyeza kitufe kikubwa chenye rangi nzuri. Pesa zikaenda kwa mtu mwingine kabisa, ambaye namba yake ilikuwa ya kwanza katika orodha. Wakala wa pesa anayeketi chini ya mwavuli kando ya njia alijaribu kumsaidia, lakini zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Mama hakulia. Alituambia neno moja tu: "Mwalimu, kumbe mimi ni mjinga."

Neno hilo lilituchoma. Maana mama huyo si mjinga hata kidogo. Amelea watoto wanne kwa kazi ya makaa. Anajua hesabu ya kila gunia, anajua nani amekopa na nani amelipa, wala hana daftari. Basi tukajiuliza: Aliyekosa ni nani? Ni yeye, au ni chombo alichopewa?

Uzuri si adui

Kwanza tuseme wazi kwamba hatukuja hapa kuulaumu uzuri. Wako watu wanaodhani kwamba chombo cha maskini hakina haja ya kupendeza, kinatosha kufanya kazi tu. Mawazo hayo si sawa. Kikapu chaweza kubeba mahindi bila mistari ya rangi, hata hivyo msusi hutia mistari. Mtungi waweza kushika maji bila nakshi, hata hivyo mfinyanzi hupamba shingo yake. Maskini naye ana macho, na moyo wa mtu hufurahi kwa kitu kizuri. Kazi yenye furaha haichoshi upesi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1995 Wajapani wawili wa kampuni ya Hitachi, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, walichukua namna 26 za kupanga uso wa mashine ya kutolea pesa benki. Wakawaonyesha watu 252, wakawauliza upi ni mzuri na upi ni mwepesi kutumia. Kumbe, uso ulioonekana mzuri ndio watu waliodhani kuwa mwepesi, hata pale ambapo kwa kweli haukuwa mwepesi hivyo. Mwaka 1997 Noam Tractinsky alirudia jaribio hilo huko Israeli. Yeye alifikiri kwamba kwa watu wa nchi yake mambo yatakuwa mengine, lakini yalitokea yale yale, tena kwa nguvu zaidi. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakawapa watu mashine ya namna hiyo waitumie kwanza, ndipo wakawauliza. Hata baada ya kuitumia, waliopewa uso mzuri waliendelea kuuona kuwa mwepesi.

Habari hii ina pande mbili. Upande mmoja yatufundisha kwamba uzuri una kazi yake: unamkaribisha mtu, unampa uvumilivu, unamtoa woga. Upande wa pili yatuonya. Uzuri waweza kulificha kosa, kama nyumba iliyopakwa rangi mpya na kumbe paa lake lavuja. Mwenyewe hajui mpaka mvua inyeshe. Nasi twaongeza fikira yetu wenyewe: mtu akikosea kwenye chombo kibaya, hukilaumu chombo, bali akikosea kwenye chombo kizuri, hujilaumu mwenyewe. Husema moyoni, "Kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwa na kosa, basi kosa ni langu." Ndivyo alivyosema mama wa makaa. Alipoteza pesa zake, na juu ya hasara hiyo akatwishwa aibu isiyo yake.

Msumeno wa kioo

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, ametuachia mfano unaolifaa sana swali letu. Alipokuwa anaeleza kwa nini mwili wa binadamu umeumbwa hivi ulivyo, alimtaja fundi anayetengeneza msumeno. Fundi huyo huutengeneza kwa chuma, ili uweze kukata. Hautengenezi kwa kioo, ingawa kioo kinapendeza kuliko chuma, maana uzuri wa namna hiyo ungeizuia kazi ambayo msumeno umetengenezewa.

Tazameni busara ya mfano huu. Mtakatifu Tomaso hasemi kwamba kioo ni kibaya. Kioo cha dirisha la kanisa ni kizuri, na ni kizuri kwa sababu pale kinafanya kazi yake, kinapitisha mwanga. Bali kioo kikiwekwa mahali pa chuma, uzuri wake wageuka kuwa kizuizi. Kwa hiyo twapata kanuni: uzuri wa chombo hupimwa kwa shabaha ya chombo. Shabaha ya programu ya pesa ni pesa zimfikie yule aliyekusudiwa. Kila pambo linaloisaidia shabaha hiyo ni uzuri wa haki. Kila pambo linaloizuia ni msumeno wa kioo.

Mahali pengine Mtakatifu Tomaso ataja mambo matatu yanayotakiwa katika uzuri: ukamilifu, ulinganifu na ung'avu. Tukiyatumia kwa uso wa simu, tutaona kwamba uzuri wa kweli na wepesi si maadui kama wengi wanavyodhani. Ukamilifu ni kwamba kisipungue kitu kinachohitajiwa. Alama isiyo na neno chini yake imepungukiwa, hata ikiwa imechorwa vizuri. Ulinganifu ni kwamba kilicho kikubwa kwa maana kiwe kikubwa kwa macho. Jina la mpokeaji lingepaswa kuwa kubwa kuliko picha ya wale wanaocheka. Na ung'avu, tukiuleta katika jambo letu, ni kwamba kitu kionekane bila shida. Kung'aa peke yake hakutoshi. Hata jua likikupiga machoni lang'aa, lakini huioni njia.

Msidhani kwamba msumeno wa kioo ni hadithi ya zamani tu. Kampuni ya Apple ya Marekani, iliyoleta simu yake ya kwanza ya kugusa mwaka 2007, ina mafundi hodari sana. Mwaka 2013 iliondoa katika simu zake zile sura za ngozi na mbao, ikaweka uso mtupu na herufi nyembamba. Vitufe vingi vikapoteza mipaka yake, hata watu wakalalamika kwamba hawajui neno lipi ni la kubonyeza na lipi ni la kusoma tu. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikaongeza njia ya kurudisha umbo la vitufe kwa anayetaka. Mwezi wa Juni 2025 ikatangaza uso mwingine unaofanana na kioo cha majimaji, ambamo vitu vya nyuma vyaonekana kupitia vile vya mbele. Wengi waliusifu uzuri wake, wengi wakasema herufi hazisomeki vema, na kabla mwaka huo haujaisha ikaongezwa njia ya kupunguza uangavu ule. Mafundi wa kampuni tajiri wamejikwaa hivyo mara mbili, wakarekebisha. Basi sisi tusione haya kusema kwamba kitu kizuri hakisomeki.

Kwa nini mafundi huvutwa hivyo na uzuri? Sababu moja ni ya biashara. Simu hununuliwa dukani kwa muda mfupi, na katika muda ule uzuri waonekana wote, lakini wepesi hauonekani. Wepesi hujulikana baada ya miezi, wakati pesa zimekwisha kulipwa. Tena mara nyingi mnunuzi siye mtumiaji. Kijana wa Kolwezi ndiye aliyeichagua simu kwa macho yake makali, chini ya taa ya duka. Mama wa Ruashi ndiye atakayeitumia, juani, katikati ya vumbi la makaa.

Wepesi ni wa nani?

Pengine msomaji atasema: "Basi turudi kwenye simu za vitufe, tuache mapambo." Lakini kitu kukosa mapambo si kuwa chepesi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na ilipofika kwetu Kongo mwaka 2012, ilitumika katika simu ndogo kabisa kwa maneno na namba tu, bila picha. Iliwafaa watu wengi mno. Hata hivyo, ile orodha ya namba tunayoiita kwa kubonyeza nyota na alama ya reli hujifunga yenyewe ukikawia kujibu. Anayesoma polepole huanza tena na tena. Utupu nao waweza kumchosha mtu.

Wepesi wa kweli waanza pale fundi anapouliza: Ni nani atakayeshika chombo hiki, na atakishikia wapi? Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu iliyoitwa 1100. Wengi wetu twaikumbuka. Vitufe vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie, na kichwani ilikuwa na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Fundi wake aliwafikiria watu wa vumbi na watu wa giza, kwa hiyo watu wa vumbi na giza wakaipenda. Nani atasema haikuwa na uzuri?

Mambo haya yana vipimo vyake. Mwaka 1954 Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba kadiri kitu cha kugusa kinavyokuwa kidogo na cha mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda zaidi kukifikia. Ndiyo maana Google huwashauri mafundi kwamba mahali pa kugusa pasipungue milimita 9 hivi. Juu ya herufi, kanuni zinazofuatwa duniani zasema kwamba mwanga wa herufi za kawaida na mwanga wa rangi iliyo nyuma yake vipitane angalau mara 4.5. Herufi za kijivu hafifu juu ya nyeupe hushindwa mtihani huu. Zashindwa hata kivulini, sembuse hapa Ruashi mwezi wa kumi, wakati jua ni kali na mvua hazijashika. Zaidi ya hayo, umeme wetu hukatika mara kwa mara, nasi hupunguza mwanga wa simu ili moto wake udumu. Mikono yetu imekauka kwa jembe na makaa. Vioo vyetu vina nyufa. Haya si makosa ya mtumiaji, ndiyo maisha yake, na fundi hana budi kuyahesabu.

Tuongeze neno juu ya lugha. Simu nyingi sasa zina Kiswahili ndani yake, nasi twashukuru. Lakini neno kama "Mipangilio", ambalo mtu wa pwani analisoma bila taabu, kwa mama zetu wa Katanga ni jipya kabisa. Kutafsiri peke yake hakutoshi. Neno lapaswa kuwa lile ambalo watu wanalo midomoni.

Wepesi nao una hatari

Hapa twafika kwenye jambo ambalo wengi hawalifikiri. Kama uzuri waweza kudanganya, wepesi nao waweza. Ziko programu ambazo mlango wa kuingia ni mpana na mlango wa kutoka umefichwa. Kucheza kamari ni kugusa mara moja. Kujiondoa kwataka kutafuta nusu saa. Kukopa ni kitufe kikubwa cha kijani. Riba imeandikwa kwa herufi za kichungu. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull alianza kuzikusanya hila za namna hiyo na kuziita mitindo ya giza. Jina hilo lafaa sana, maana kazi yake ni kumfanya mtu atende asilolikusudia.

Kwa hiyo wepesi sio kupunguza miguso tu. Chombo chepesi ni kile kinachomsaidia mtu kutenda alilolikusudia, na kumzuia kidogo anapoelekea kutenda asilolikusudia. Huko Kenya kampuni ya Safaricom iliweka huduma iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa hazijakwenda. Huko ni kumkawiza mtu, sivyo? Lakini ni kumkawiza kwa upendo, kama rafiki anayekushika bega kabla hujavuka barabara. Mama wetu naye alionyeshwa jina, lakini kwa herufi zisizosomeka. Kukuonya kwa sauti usiyoweza kuisikia si kukuonya.

Wajibu wetu

Je, tumjibu nini mama wa makaa? Twajibu kwamba kosa kubwa lilikuwa la chombo, au tuseme la wale waliokichora bila kumfikiria. Hatusemi kwamba mtumiaji hana wajibu wowote. Kila mtu apaswa kusoma kabla ya kubonyeza. Bali aliye na elimu, muda na mshahara wa kulifikiri jambo ana wajibu mkubwa kuliko yule asiye navyo. Tena tusisahau kwamba udongo wa Ruashi umetoa shaba na kobalti, na kwamba kobalti huingia katika betri za simu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Watu ambao nchi yao yazilisha simu za dunia nzima wana haki ya kuweza kuzisoma.

Kwa vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwingineko, twasema hivi: kabla hujausifu uso uliouchora, mpe nyanya yako autumie akiwa amesimama nje juani. Nyamaza, usimwelekeze. Tazama kidole chake. Pale kinapositasita, pale pale ndipo lilipo kosa lako. Lirekebishe, kisha utie pambo lako, maana sasa pambo lina mahali pa kukaa.

Kwa vijana wanaowanunulia wazazi wao simu: usichague kwa macho yako tu. Siku ya kumkabidhi, keti naye. Ongeza ukubwa wa herufi, chagua lugha anayoielewa, ondoa yasiyohitajiwa, weka mbele yale mawili matatu anayoyatumia. Wala usimwambie, "Lete, mama, nitakufanyia." Maneno hayo yaonekana ya upendo, lakini mwisho wake ni kwamba namba ya siri ya mzazi imekuwa mikononi mwa mwingine, na mzazi amekuwa mgeni katika mali yake mwenyewe. Msaada wa kweli ni kumfundisha mpaka aweze peke yake.

Nanyi, wazazi wetu, someni jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Lisiposomeka, msitume.

Mama wa makaa hakuzipata pesa zake tena. Mwanawe alituma nyingine, na binti hakufukuzwa shuleni. Tangu siku ile mama anatuma pesa kwa simu yake ndogo ya vitufe, na ile nzuri ameiweka kwa kazi nyingine. Jumapili moja baada ya Misa alituita akatuonyesha ndani yake picha ya mjukuu aliyezaliwa Kolwezi, ambaye bado hajamshika mikononi. Kile kioo kipana kilijaa uso wa mtoto, na rangi zote zilikuwa mahali pake. Alikitazama muda mrefu, nasi tukakitazama pamoja naye. Pale uzuri ulikuwa unafanya kazi yake, wala mama hakujiita mjinga.